Vitegemezi vya Birika

TANGAZO

Wafanyakazi wote wa Idara ya Mifumo, Mji wa Ilunda, mnaarifiwa kwamba birika la umeme lililoko ghorofa ya pili, kando ya ngazi, limesajiliwa rasmi leo kuwa Kifaa cha Lazima na kupewa nafasi ya sitini na nne katika Orodha. Ni marufuku kwa mtu au programu yoyote kulizima, kulilaza au kulipunguzia umeme, isipokuwa Ijumaa hii saa nne asubuhi, litakapozimwa kwa robo saa ili lisuguliwe magadi. Aidha, waliochukua vikombe wavirudishe.

Zilpa Ntandu alilisoma tangazo hilo Jumatano saa mbili asubuhi, akiwa hajavua barakoa, na akalisoma mpaka kwenye vikombe kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho. Asili ya tangazo ilijulikana na kila mtu. Wiki iliyotangulia Mwenyekiti wa Kamati ya Nishati alikuwa amekaribishwa chai ya vuguvugu. Katika mji uliogawiwa umeme kwa kijiko, mfumo ulikuwa umelilaza birika, yaani kulikatia umeme kwa muda, dakika chache kabla ya mgeni kufika. Na Mwenyekiti, aliyevumilia mengi katika utumishi wake, hilo hakulivumilia.

“Dada Zilpa, umeona mambo?” Omari Msengi, msimamizi wa seva, alikuwa amesimama kando ya birika lenyewe na kikombe mkononi, kama askari kando ya bendera. “Birika limepanda cheo. Wewe mwaka wa tisa huu uko daraja la pili.”

“Birika likiambiwa lichemke, linachemka.”

“Tena haliandiki ripoti za kurasa arobaini.” Akammiminia. “Haya, kunywa. Chai ya lazima hiyo.”

Nje ya dirisha anga lilikuwa la manjano, na jua lilionekana kama sarafu iliyosahauliwa chini ya maji machafu. Ziwa la Ilunda lilikauka kabla Zilpa hajazaliwa, likaacha uwanda wa magadi ambao upepo uliubeba kidogo kidogo, kila siku, ukaupeleka usikotakiwa: kwenye paneli za jua, kwenye visima, kwenye mapafu ya watu. Wakazi elfu arobaini walivuta hewa ya vichujio. Vichujio viliendeshwa kwa umeme ambao haukutosha, na umeme huo usiotosha uligawanywa na programu iliyoitwa Mgao wa Nne.

Mgao wa Nne ulihesabu sekunde tangu siku ulipowashwa, na ulizihifadhi katika kisanduku cha tarakimu ambacho kingejaa kesho, Alhamisi, saa sita na dakika kumi mchana. Kikishajaa, vichujio vingesimama. Waliouandika ama walikwisha kutangulia mbele ya haki au walistaafu, na waliostaafu hawakupokea simu. Kwa hiyo palikuwa na maktaba mpya, Mgao wa Tano, na Zilpa, Mkaguzi wa Vitegemezi, alikuwa amepewa siku moja ya kuthibitisha kwamba inaweza kusakinishwa.

Neno maktaba liliwahi kumleta mwalimu mmoja mstaafu hadi mlangoni pa idara, akiuliza vitabu vya historia. Alielezwa kwamba hapa maktaba ni fungu la maelekezo yaliyoandikwa na wengine ili wewe usihangaike kuyaandika, wala mara nyingi kuyasoma. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema hata vitabu siku hizi ndivyo vilivyo, akaenda zake.

*

Zilpa alianza kama alivyoanza siku zote, kwa swali ambalo wengi hulikumbuka wakati wali umekwisha: mgeni huyu anakuja na nani?

Mgao wa Tano haukuja peke yake. Ulitegemea maktaba nyingine kumi na saba. Kumi na saba hizo zilitegemea sitini na mbili. Na katika hizo sitini na mbili palikuwa na moja, ya kuhesabu miezi tu, iliyotunzwa na mtu ambaye hakuwa amejibu barua kwa miaka sita. Zilpa alizipitia zote. Aliangalia toleo, tarehe, saini, na kama mbili kati yake zinagombea jina moja. Kufikia saa nne alikuwa ameridhika nazo, kwa kiasi ambacho mtu wa kazi ile huridhika. Ndipo akafika kwenye mstari wa chini kabisa, ambao kwa desturi huandikwa kwa herufi ndogo: *Inahitaji Kompaila toleo la 12 au jipya zaidi.*

Ilunda ilitumia toleo la 9.

Kompaila ndiyo inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa amri za mashine, na mifumo ya Ilunda iliandikwa kwa Upatanisho, lugha ambayo kompaila yake hukataa sentensi isiyopatana kingeli. Toleo la 9 lilikuwa kali kama mwalimu wa darasa la nne. Ukiandika *pampu ilazwe*, ilitii, kwa kuwa pampu ni ya I-ZI na kulala ni haki yake. Ukiandika *mgonjwa alazwe*, ilisimama papo hapo na kudai saini ya daktari, kwa kuwa palipo na A-WA pana mtu, na mtu hakatiwi umeme na mstari wa programu. Aliyebuni sheria hiyo hakuacha jina. Aliacha sheria tu, na watu walikuwa salama chini yake kwa miaka thelathini bila kujua kwamba ipo.

Zilpa alijaribu kwanza kuupitisha Mgao wa Tano kwenye kompaila ya toleo la 9. Ulirudi na makosa mia tatu na kumi na mawili. Akajaribu kwa toleo la 12. Makosa: hakuna. Maonyo: 1,904.

Katika idara, kosa lilizuia na onyo lilishauri, na ushauri ulichukuliwa kama unavyochukuliwa kwingineko. Wakaguzi walisoma makosa, wakasaini, wakaenda kula. Zilpa alisoma maonyo, tabia ambayo wenzake waliihesabu kuwa ugonjwa mdogo usio na tiba. Mengi yalikuwa ya kawaida: jina refu mno, nafasi isiyo na kazi, mtindo wa zamani. Alipofika la elfu moja mia sita na nne, kidole chake kiliacha kusogeza skrini.

*Onyo 1604: Ngeli ya A-WA haitumiki tena katika toleo hili. Vitu 213 vimehamishiwa ngeli ya I-ZI. Hakuna hatua inayohitajika.*

Alilisoma mara mbili. Akatafuta maelezo ya watengenezaji, waliokaa mji wa mbali wenye hewa ya bure, na akayapata katika ukurasa wa mwisho: *Utafiti wetu umeonyesha kuwa ngeli ya A-WA inatumiwa na wateja wasiozidi mmoja.*

Hakuhitaji kuuliza mteja huyo ni nani, wala vitu mia mbili na kumi na tatu ni nini. Jengo la Saba lilikuwa na vitanda mia mbili na kumi na tatu. Ndani yake walikuwa wale ambao magadi yalikuwa yamewajaa mapafuni kiasi kwamba madaktari waliwatia usingizi, wakawaunganisha na vipumulio, wakisubiri dawa iliyokuwa ikisemekana iko njiani. Katika kitanda cha mia moja na kumi na nane alilala Eliwaza, mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

Zilpa alifungua chumba cha majaribio, ambamo nakala ya mji mzima huendeshwa bila kumdhuru mtu, akaingiza Mgao wa Tano, akawasha saa. Kanuni ya maktaba ilikuwa ya busara: kifaa kisichoomba chochote kwa sekunde tisini kilazwe hadi kitakapohitajika. Taa za nakala zilipepesa. Vichujio vilivuma. Sekunde ya tisini na moja orodha ilianza kushuka.

*Kitanda 001: imelazwa.*
*Kitanda 002: imelazwa.*

Katika daftari la hospitali neno lilikuwa *amelazwa*, na lilimaanisha kwamba mtu yuko mikononi mwa watu. Herufi moja tu ilikuwa imebadilika. Zilpa alikaa akiitazama orodha ikishuka, mikono yake chini ya meza, na alipoiona mia moja na kumi na nane ikipita, haikupita kwa kasi zaidi wala polepole zaidi ya nyingine. Hilo ndilo lililomtia hofu ambayo hakuijua kabla. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya orodha ile.

*

Njia ya kwenda Jengo la Saba ilikuwa imefunikwa kwa turubai, nalo lilichezacheza kwa upepo. Muuguzi Mwanvua alikuwa akibadilisha chujio la mlango.

“Leo Jumatano, si siku yako,” alisema. “Kwema lakini?”

“Kwema. Nimepita tu.”

“Mama yako kaamka salama.” Mwanvua alisema hivyo kila siku, kuhusu watu ambao hawakuwa wameamka kwa miaka mitatu. Asubuhi alipita vitanda vyote akiwasalimu mmoja mmoja, na aliyemcheka aliambiwa kwamba adabu haingoji majibu.

Zilpa alisimama miguuni pa kitanda. Eliwaza alikuwa amenyolewa nywele. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko wiki iliyopita, au Zilpa ndiye aliyekuwa akiutazama kwa namna nyingine.

“Shikamoo, mama.”

Akaanza kuhesabu. Hakukusudia; akili yake ilikwisha kuanza yenyewe. Kumi. Kipumulio kilipanda na kushuka. Thelathini. Alitazama mdomo, mahali ambapo marahaba ingetokea. Mwanamke huyu alikuwa mwepesi wa kuitikia. Alikuwa akiitikia kutoka jikoni, kutoka uani, akiwa na kanga mdomoni anaifunga. Sitini. Zilpa aliinama mbele, kana kwamba angeweza kumnong’oneza jibu mwanafunzi mbele ya mwalimu. Themanini na nane. Themanini na tisa.

Tisini.

“Una nini wewe?” Mwanvua aliuliza kutoka mlangoni.

“Hakuitikia.”

“Siku zote haitikii.” Mwanvua alimtazama kwa makini. “Kwani leo kuna nani anayemdai jibu?”

*

Mkurugenzi, Bi. Perpetua Nkinga, alimsikiliza kwa subira yote ambayo saa saba mchana inaruhusu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka ishirini katika ofisi ambamo kila jambo lina mahali pake, na lisilo na mahali hungoja nje.

“Swali moja, Zilpa. Ni kosa au ni onyo?”

“Ni onyo, Mama.”

“Basi usakinishaji unaruhusiwa.”

“Mama, katika sekunde ya tisini na moja vipumulio vyote vya Jengo la Saba vitazimwa.”

Bi. Perpetua alivua miwani. “Viingize kwenye Orodha ya Vifaa vya Lazima.”

“Orodha ina nafasi sitini na nne, Mama. Ya mwisho imejazwa leo asubuhi.”

“Na nini?”

Kutoka korido ilisikika sauti ya maji yakichemka.

“Tulitoe,” Mkurugenzi alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

“Kamati peke yake ndiyo yenye uwezo wa kutoa. Kamati inakutana kesho saa tisa alasiri.”

“Na kisanduku kinajaa saa sita.”

“Saa sita na dakika kumi.”

“Nikiuzuia usakinishaji, vichujio vinasimama. Watu elfu arobaini.” Bi. Perpetua alivaa tena miwani, na pamoja nayo sura yake ya kawaida. “Siwezi kukuagiza usaini, mwanangu, sheria inasema mkaguzi hasainishwi. Siwezi pia kukuagiza usisaini. Nenda ukaangalie upya. Labda kuna namna.”

Zilpa alijua maana ya *labda kuna namna*. Ni kauli ya mtu anayekukabidhi mzigo huku akikushikia mlango.

*

Namna ilikuwapo. Aliipata saa tisa, na alipoipata alitamani asingeipata.

“Nisikilize,” alimwambia Omari, aliyekuwa amevuta kiti chake hadi kwenye meza yake. “Kifaa cha lazima hakilazwi. Na kitu ambacho kifaa cha lazima kinakitegemea, nacho hakilazwi. Toleo la 12 linalinda shina pamoja na mizizi yake.”

“Ndiyo. Sasa liunganishe Jengo la Saba na vichujio. Viko nafasi ya kwanza.”

“Mafaili yote ya vifaa vya zamani yamepigwa muhuri. Faili likimaliza siku moja baada ya kusajiliwa, halifunguki tena. Katika sitini na nne ni moja tu ambalo bado liko wazi, hadi kesho saa mbili.”

Kwa mara ya kwanza tangu Zilpa amfahamu Omari, mzaha ulimjia na akauacha upite.

“Unataka kuandika kwamba birika linawategemea wagonjwa.”

“Linategemea vifaa mia mbili na kumi na tatu. Toleo la 12 halijui wagonjwa.”

“Kuna sehemu ya kujaza kazi ya kitegemezi. Utaandika nini?”

Zilpa aligeuza skrini. Alikuwa amekwisha kujaza mstari mmoja, wa kujaribu, na kompaila ilikuwa imeupokea bila manung’uniko. *Kitegemezi 118. Jina: Eliwaza. Aina: kipuri. Kazi: kupasha maji.*

Omari aliusoma, akasogeza kiti nyuma kidogo, kama mtu aliyeona mdudu kwenye sahani ya mwenzake.

“Dada, huyu ni mama yako.”

“Najua huyu ni nani. Ndiyo maana nimeanza naye, nione kama mkono utakubali.”

“Umekubali?”

“Umekubali upesi mno.”

Kisha Omari alisema, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe: “Sikiliza, mimi si msomi kama wewe. Lakini lile onyo lako, elfu na mia sita ngapi, ndilo karatasi pekee mji huu inayosema mle ndani kuna watu. Ukiwaandika hivi, toleo la 12 halitakuwa na cha kuhamisha. Onyo litatoweka. Ripoti yako itakuwa safi. Kesho keshokutwa mtu akitafuta, atakuta birika lenye vipuri vingi. Ukishawaandika hivyo, nani atawaandika upya kuwa watu?”

“Nikiwaacha kama walivyo, onyo litabaki,” alisema Zilpa. “Litabaki milele. Litakuwa onyo sahihi kabisa, juu ya vitanda vyenye maiti.”

“Na usiposaini?”

“Watoto wako wanakaa mtaa gani?”

Watoto wa Omari walikaa mtaa wa vichujio vya kaskazini.

Kiapo cha mkaguzi kilitundikwa ukutani juu ya kichwa chake, na Zilpa, asiyeamini viapo lakini akiamini maandishi, hakuhitaji kugeuka ili akisome: *Sitaandika kitegemezi kisichotegemewa, wala kuacha kinachotegemewa.* Nusu ya pili ilimwamuru kufanya kile ambacho nusu ya kwanza ilimkataza. Aliyekitunga bila shaka aliona kuwa ni kitu kimoja kilichosemwa mara mbili.

Alijaza mistari mia mbili na kumi na miwili iliyosalia kwa mkono wake. Omari alimwambia kuna amri fupi ya kuirudufu yote kwa mara moja, akasema hapana. Aliandika jina la kila mtu kamili, na baada ya kila jina aliandika *kipuri*, na baada ya kila *kipuri* aliandika *kupasha maji*. Alipomaliza aliipitisha programu upya kwenye kompaila.

Makosa: hakuna. Maonyo: 1,903.

Akasaini. Kisha akaandika waraka wa kurasa mbili kwa Kamati, akieleza alichokifanya na sababu yake, na akiomba mambo mawili: nafasi halali kwa Jengo la Saba, na ngeli ya A-WA irudishwe. Hakujitetea. Alimkabidhi Bi. Perpetua mkononi, naye aliupokea bila kuufungua.

*

Alhamisi saa sita kasoro robo walikuwa watatu katika chumba cha seva: Zilpa, Omari, na Mkurugenzi aliyesema amepita tu. Kwa simu, upande wa pili, alikuwa Muuguzi Mwanvua, ambaye hakuelezwa kitu ila aliombwa asimame mahali anapoviona vitanda vyote na asikate.

“Kuna nini lakini?” sauti yake iliuliza. “Mnanitisha.”

“Tunabadilisha programu, bibie,” alisema Omari. “Ukiona taa inazima, sema.”

“Taa gani?”

“Yoyote.”

Saa sita kamili Omari alibonyeza. Mvumo wa vichujio ulishuka, na kwa kitambo kifupi mji mzima ulikuwa kimya kwa namna ambayo haukuwahi kuwa tangu Zilpa azaliwe. Akasikia nguo za Mkurugenzi zikisugua kiti. Kisha mvumo ukarudi. Hakuna aliyepumua. Zilpa alikuwa amefumba macho akihesabu, na midomo yake ilihesabu pamoja naye. Themanini na tisa. Tisini. Tisini na moja.

“Mwanvua?”

Hakuna jibu.

“Mwanvua!”

“Nipo, nipo. Nilikuwa namfunika mmoja.” Viatu vyake vilisikika vikipita kati ya vitanda. “Wote wanapumua. Kwani mlitaka wafanye nini?”

Bi. Perpetua alitoka bila kusema neno, na mgongoni kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimelowa. Omari alicheka kicheko kirefu kisicho na furaha, akampigapiga Zilpa begani, akasema kwamba leo chai ni lazima kweli, na asiyekunywa anahatarisha maisha ya watu. Wakaenda hadi kando ya ngazi. Birika lilikuwa likichemka kwa utulivu wa kitu kilichokabidhiwa roho mia mbili na kumi na tatu bila kuarifiwa. Mdomoni pake utando mweupe wa magadi ulikuwa umeganda, unene wa ukucha.

Omari alikuwa amekwisha kuinua kikombe. Hakukifikisha kinywani. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye tangazo.

“Dada,” alisema polepole. “Kesho ni Ijumaa, sivyo?”

Zilpa aligeuka. Alikuwa amelisoma jana mpaka mwisho, kwa makini, mpaka kwenye vikombe. *Litazimwa kwa robo saa.* Robo saa ni sekunde mia tisa. Shina likizimwa kwa mkono, mizizi yake huachwa bila ulinzi. Na inayoachwa huhesabiwa, kama nyingine yoyote, hadi tisini, kisha hulazwa. Faili la birika lilikuwa limepigwa muhuri saa mbili asubuhi.

Alishuka ngazi mbili mbili. Kamati haikuwa imekaa bado. Aliandika nyongeza ya waraka akiwa amesimama, juu ya meza ya tarishi, kwa mwandiko ambao mwenyewe hakuutambua: kwamba birika lisizimwe Ijumaa, wala siku nyingine yoyote, hadi suala kuu litakapotatuliwa, kwa kuwa kulizima ni kuua. Alilifuta neno *kuua*, kisha akaliandika tena.

Saa tisa mlango wa Kamati ulifungwa. Zilpa alikaa korido, kwenye benchi la wanaongoja. Ndani alisikia sauti ya mtu mmoja ikizungumza kwa muda mrefu, kisha vijiko kwenye vikombe. Saa kumi na moja kasorobo tarishi alitoka na karatasi, akaibandika ukutani kwa pini nne, moja kila pembe, juu ya nakala ya tangazo la kwanza, naye akasogea pembeni kwa heshima ili mkaguzi aisome.

UAMUZI NA. 41 WA KAMATI YA NISHATI

1. Kamati imepokea kwa shukrani waraka wa Mkaguzi wa Vitegemezi pamoja na nyongeza yake, na inampongeza kwa usakinishaji uliofanikiwa bila kosa.

2. Kamati imeipitia ripoti ya usakinishaji na haikuona ndani yake kitu chochote cha ngeli ya A-WA. Hata hivyo, kwa kuzingatia uzito wa hoja, swali la iwapo vitegemezi vya birika ni *hivi* au ni *hawa* limepelekwa katika Kamati Ndogo ya Istilahi, itakayokutana robo ijayo ya mwaka.

3. Hadi hapo Kamati Ndogo itakapotoa maoni yake, birika lisizimwe kwa hali yoyote.

4. Kusuguliwa kwa birika, kulikopangwa Ijumaa saa nne asubuhi, kutaendelea kama kulivyotangazwa.